Pesa ya Mama wa Magoma: Ilitoka Wapi, Ikawekwa Wapi



Kamati ya maadhimisho imetutaka tuandike historia ya kikundi kwa kurasa chache. Tulipokaa kuandika tukaona kwamba historia ya kikundi chenyewe ni fupi, miaka kumi tu, na yote imo kwenye daftari la katibu: nani alinunua hisa ngapi, nani alichelewa, nani alipigwa faini kwa kuongea na simu kikao kikiendelea. Mwenye kutaka aje alisome, halifichwi. Lakini kuna swali moja ambalo jibu lake halimo daftarini. Kwa nini karibu wote tulioanzisha kikundi tulikuwa tumeshavuka miaka arobaini? Watu hutuuliza kwa kicheko. Wanasema hawa akina mama wamekumbuka biashara jua likiwa linazama. Basi hapa tutajibu, na jibu lenyewe linaanzia mbali, kabla sisi hatujazaliwa.

Kwa mgeni asiyeifahamu Magoma, tuko Wilaya ya Korogwe, katika bonde la mto Lwengera. Upande mmoja ni milima ya Usambara Magharibi, upande wa pili Usambara Mashariki. Wazee wa Kisambaa waliita kule juu Shambaai na huku chini nyika, na tangu enzi za wafalme wa Kikilindi pale Vuga sehemu hizi mbili zimekuwa zikitegemeana. Juu kuna mvua, ndizi na maharage. Chini kuna joto, mpunga na mahindi, na ukame ukija unatuanza sisi. Hata leo siku ya gulio wengi wanaoshuka na mizigo kichwani ni akina mama. Kwa hiyo anayesema biashara ya mwanamke ni jambo jipya lililoletwa na miradi, huyo hajawahi kuamka alfajiri akaiona njia ya mlimani.

Kilichobadilisha bonde letu ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai inasemekana ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1911 ilifika Moshi. Mashamba yakatambaa kuifuata reli na kuingia mabondeni. Wakaja manamba kutoka pande zote za nchi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuajiri na kusafirisha wafanyakazi, SILABU, jina ambalo wazee wengi bado wanalikumbuka. Mwanaume alipewa kipande, akamaliza siku zake, akapanga foleni, akalipwa. Pesa ikaingia bondeni kwa mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa mwanaume.

Bibi zetu walitusimulia jinsi walivyoipata sehemu yao. Walipika. Manamba wengi walikuwa makapera au wameacha wake zao kwao, na mtu aliyekata mkonge tangu usiku hana nguvu ya kusonga ugali. Mama mwenye sufuria kubwa na kuni alikuwa na wateja. Lakini pesa hiyo ilirudi nyumbani ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga, na pindo la kanga mume analijua. Tunaomba msomaji alikumbuke pindo hilo, kwa maana habari yote iliyobaki inalihusu.

Huko mlimani nako mambo yalikuwa yakichemka. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ililazimisha watu wa Usambara kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu walikuwa na hoja zao kuhusu udongo, hilo hatubishi. Ila waliopaswa kuchimba matuta yale kwa jembe la mkono, juu ya kazi zote za kawaida, wengi wao walikuwa wanawake. Upinzani ukawa mkubwa, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa.

Miaka hiyohiyo, Dar es Salaam, TANU ilikuwa inatafuta wanachama. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed akaanza kuongoza sehemu ya akina mama, na akawafuata wanawake palepale walipokuwa wamekusanyika tayari, kwenye vikundi vyao vya ngoma. Mtafiti mmoja Mmarekani, Susan Geiger, alikaa na akina mama wale walipokuwa wamezeeka, akachapisha habari zao mwaka 1997 katika kitabu TANU Women. Jambo moja katika utafiti wake lilitugusa. Wengi wa wanaharakati wale walikuwa watu wazima, wengi walikuwa wameshaolewa na kuachika, na wengi waliishi kwa biashara ndogo za maandazi, vitumbua, au kwa baadhi yao pombe. Mwanamke kijana aliyekuwa ndani ya nyumba ya mume wake hakuweza kwenda mkutanoni apendavyo. Mwanamke mtu mzima mwenye meza yake ya maandazi aliweza, kwa kuwa nauli ilikuwa yake.

Hapo ndipo jibu letu linapoanza kuonekana. Huku kwetu binti akiolewa anaingia katika mji wa watu. Mgongoni kuna mtoto, jikoni kuna mama mkwe, na shamba analolima amepewa alime, hakupewa limilikiwe naye. Akitaka kwenda Tanga kununua mali akalala siku mbili, ataulizwa maswali hadi kwa mjumbe. Akifika miaka arobaini na kitu mambo yanalegea. Watoto wamejua kujipikia. Neno lake linasikika kwenye kikao cha ukoo. Akisafiri, wanasema mama kaenda kutafuta. Kwa hiyo umri ule ambao watu wanauita jua la kuzama, kwa mwanamke wa bondeni ndio saa ya kwanza anayokuwa huru kutembea na pesa yake mchana kweupe.

Lakini umri huohuo una hofu yake. Mkonge wa Tanganyika ulifikia kilele mwaka 1964, kama tani 230,000. Baada ya hapo kamba za plastiki zikashusha bei duniani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na uzalishaji ukaendelea kuporomoka. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikutoa hata tani 30,000. Shamba la Magoma, pamoja na Hale, Mwelya, Ngombezi na Magunga, likawa chini ya kampuni ya Katani baada ya ubinafsishaji wa 1998, na baadaye wakulima wadogo wakaanza kupewa vitalu ndani ya mashamba hayo. Maneno haya yanaandikwa kwa mistari michache, ila ndani ya nyumba zetu maana yake ilikuwa baba anayekaa barazani saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wengi wetu tuliingia kwenye biashara siku ile, bila kuhudhuria semina yoyote. Sufuria ndiyo iliyotuita.

Na kabla ya hapo tulishapita miaka ya 1980. Waliokuwepo wanaikumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, kanga mpya ni ndoto. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa walanguzi, na Sheria ya Nguvu Kazi ikawafanya wachuuzi wa mijini wasio na kibali kukamatwa na kurudishwa vijijini. Kwa miaka michache kuuza kitu kidogo barabarani kulikuwa karibu na kosa. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Mwinyi, watu wakasema ruksa. Akina mama hawakusubiri kuambiwa mara mbili.

Hofu nyingine ni ya mirathi, na tunaiandika waziwazi kwa sababu kila mmoja wetu ameiona kwa ndugu au jirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Hiyo ni sheria nzuri. Lakini amri ya sheria za mila ya mwaka 1963, kwa makabila ya ukoo wa baba, iliandika kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Tanzania walilifikisha suala hilo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa sisi Waislamu mirathi ina mafungu yake yanayojulikana. Mke ambaye mume ameacha watoto hupata thumni, na wake wakiwa wawili wanagawana thumni hiyohiyo. Tunaiheshimu hesabu ya dini yetu. Tunachosema ni kwamba mama wa miaka hamsini aliyelima shamba lile miaka thelathini inafaa ajue hesabu hiyo mapema, akiwa na pumzi bado, asije akaijua siku ya arobaini ya msiba. Na kilicho chake alichochuma mwenyewe kisiingizwe kwenye mali ya marehemu kwa kuwa tu kilikuwa kimefichwa chini ya godoro la chumba kimoja.

Tumerudi kwenye pindo la kanga. Kuchuma tulijua siku zote. Kuweka ndiko kulikotushinda. Benki iko Korogwe mjini, nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida ya siku. Kibubu kinavunjwa mtoto akiugua, au mwenye nyumba akikipata. Kucheza upato kunasaidia, tumecheza sana, lakini upato unakupa zamu yako ulipopangiwa, haukupi pesa siku unayohitaji. Tangu mwaka 2008 pesa za simu zimeturahisishia mengi. Hata hivyo, jamani, simu ya mke ikilia ujumbe wa kupokea pesa, nyumba nzima imesikia.

Njia ya sanduku tuliyoikuta imetoka mbali. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha na wanawake wa Kihausa vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo ule ukafika Zanzibar, kisha bara, ambako uliitwa VICOBA. Wengi wamesikia zaidi habari za Bangladesh, za Profesa Muhammad Yunus ambaye mwaka 1976 alikopesha watu 42 jumla ya dola 27 za mfukoni mwake, akaja kuanzisha benki ya Grameen na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Ni mtu wa heshima. Lakini kuna tofauti ambayo kwa maoni yetu ni kubwa. Kule mama anaanza na deni. Katika sanduku mama anaanza na akiba, na anayemkopesha ni wenzake, kwa pesa ambayo na yeye amo ndani yake.

Jinsi linavyofanya kazi tutaeleza kwa ajili ya wafadhili na majirani wanaodhani tunakutana kupiga soga. Sanduku ni la chuma, lina makufuli matatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo. Halifunguliwi ila kikaoni, mbele ya macho yote. Kila mtu ananunua hisa, moja hadi tano, na kitabu chake kinagongwa muhuri. Tulianza na hisa ya shilingi elfu moja. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, huo hauna riba. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Mwisho wa mzunguko tunavunja sanduku, kila mtu anapata akiba yake na sehemu ya faida. Tunavunja Desemba ili Januari sare na madaftari visitukute mikono mitupu.

Sheria tunayojivunia zaidi ni kwamba mkopaji lazima asimame aeleze biashara yake kwa hesabu. Mwenzetu mmoja aliomba shilingi 60,000 za vitumbua. Tukamwambia hesabu. Akasema: mchele kilo mbili 3,200, nazi mbili 1,000, sukari nusu kilo 1,000, mafuta lita moja 3,000, hamira na kuni 800. Jumla 9,000. Vitumbua 130 kwa shilingi mia moja kila kimoja ni 13,000. Faida 4,000 kwa siku. Tukapiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akauliza: na watoto nyumbani wanakula vingapi? Akasema ah, kumi tu hivi. Kumi ni elfu moja. Robo ya faida imeliwa kabla ya kufika barabarani! Tangu siku hiyo muuza vitumbua yule anaandika hata kitumbua cha mjukuu. Mkopo wake ulikuwa wa miezi mitatu kwa riba ya asilimia kumi, yaani 66,000, marejesho 22,000 kwa mwezi, akamaliza. Ile 6,000 ya riba haikwenda kwa tajiri yeyote. Ilirudi sandukuni, na Desemba akapata sehemu yake.

Wengine hawakufika mbali namna hiyo. Kuku wa mwanachama mmoja walikwisha wote kwa kideri ndani ya wiki, mkopo ukiwa bado mbichi. Tulimwongezea muda, na marejesho yake yalitoka kwenye ndizi za kushusha kutoka mlimani. Kuna aliyejiunga akatoka kwa kuwa mume alimtaka alete mkopo nyumbani akaezekee nyumba nyingine. Sisi hatukuingia kati ya mtu na mumewe, ila tulisema mkopo unatolewa kwa biashara iliyoelezwa kikaoni, na bati la nyumba ya watu halikuelezwa. Wapo waliotulaumu kwa ukali huo. Wengi wetu bado tunaona ulikuwa wa lazima, maana pesa ile ilikuwa ya mama wote.

Adui wa miaka hii anaitwa kausha damu. Wakopeshaji hao wanakuja na karatasi moja, au siku hizi hata kwa simu. Chukua laki moja leo, mwezi ujao rudisha laki na thelathini, ukichelewa inaongezeka kila siku, na wanabeba godoro na sufuria mchana watoto wakiangalia. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, ambayo imevitambua hata vikundi kama chetu na kututaka tujisajili, na mwaka 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu nyingi za kukopesha kwa simu zisizo na leseni. Tunashukuru. Lakini mama ambaye mtoto wake yuko hospitali usiku hasomi leseni. Ndiyo maana mfuko wa jamii tumeufanya utolewe siku yoyote, wenye funguo wakiitwa hata saa sita ya usiku, na umetoka hivyo mara nyingi.

Kuhusu mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kikundi kimegawanyika na hatuoni haya kusema. Wanaoutaka wanasema mashine ya kukoboa mpunga haiwezi kununuliwa kwa hisa za elfu moja moja. Wasioutaka wanasema deni la kikundi kizima mmoja akikimbia linabaki kwa waliobaki, na sisi umri umekwenda. Ukweli ni kwamba waliojiunga wakiwa na arobaini na tano sasa wana hamsini na tano. Kupanda mlimani kufuata ndizi si kama zamani, magoti yanasema.

Jambo hilo limeleta jingine. Mabinti wawili wa wanachama wameandika barua kuomba kujiunga. Wana miaka ishirini na kitu, mmoja anashona, mwingine ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Kuna wanaosema wasubiri kwanza, waolewe watulie, wajulikane tabia. Wengine wanajibu kwamba sisi tulisubiri hadi arobaini kwa kuwa hapakuwa na sanduku, na sasa lipo. Barua zao zitasomwa kikao cha kwanza baada ya mgao wa Desemba, kabla ya hisa kuanza kununuliwa. Wenye funguo wameombwa wafike mapema.